Kitanda Kifupi

Walimwita Kinyongo, naye jina hilo hakulikataa. Mtu mwingine angekunja ngumi. Yeye aliitika kama aliyeitwa kwa cheo. Alikuwa seremala wa milango, madirisha na makabati ya jikoni, fundi asiye na longolongo, na mtaani kwao hapakuwa na mlango aliouweka yeye ukalia au ukagoma kufunga. Wateja walimpenda kwa kazi yake na kumvumilia kwa mengine yote. Ukimletea mbao mbichi, alikununia mpaka mbao zikauke. Ukimkatisha akiwa anapima, ulikumbushwa kosa lako hata kwenye harusi ya binti yako.

Hivyo vilikuwa vinyongo vidogo, vya kila siku. Kikubwa alikuwa nacho kimoja tu, na alikilea tangu utoto. Baba yake, fundi wa vyombo vya kuvulia, alioa mke wa pili mwaka ule ule alioimaliza boti yake mwenyewe, boti ya mbao yenye injini, tumbo pana, na chumba cha mabaharia huko chini. Siku bibi harusi alipoingizwa uani, Kinyongo, wakati huo mtoto wa miaka tisa au kumi, alimkimbilia akampiga kichwa cha kifuani mbele ya wageni. Kisha akatoka mbio mpaka kwa mjomba wake, na huko akabaki, akakua, akafundishwa useremala wa nyumba. Nyumba ya pili ikaja kupata mtoto wa kiume, na huyo ndiye aliyepanda boti na baba yake. Kinyongo hakuikanyaga hata siku moja.

Alikuwa na hadithi aliyopenda kuisimulia, ya siku baba yake alipokuja kusimama getini kwa mjomba.

“Nikamtwanga jiwe,” alikuwa akisema. “Likampata hapa, begani. Akageuka, akaenda zake. Hakusema neno. Angekuwa ananitaka, si angesema?”

Aliisimulia kwa fahari, kifua mbele, na hakuna aliyethubutu kumjibu lile swali la mwisho. Mke wake aliisikia hadithi hiyo mpaka masikio yakaota sugu. Ilipokaribia kwenye jiwe, alikuwa akikumbuka kitu jikoni.

Baba alishakufa zamani. Mama yake Kinyongo naye alikufa, bila kulitamka jina la mke mwenziwe hata kwa bahati mbaya. Boti ilikuwa haivui tena, imeegemezwa kwa magadi, zile nguzo za kukitegemeza chombo nchi kavu, kwenye yadi ya wavuvi, rangi imebabuka na ndani kumeoza. Chama cha wavuvi kilikubali kuihifadhi pale yadini, watoto wa shule wapate kuona vyombo vya zamani vilivyokuwa, ila kwa sharti: ndani irudishwe kama ilivyokuwa. Isiporudishwa, ikatwe kuni.

Ujumbe uliletwa na mke wake, aliyeingia na kikapu cha mboga bado mkononi.

“Mama mdogo wako amenikuta sokoni. Anasema uende ukatengeneze ndani ya boti.”

“Nani?”

“Mama mdogo wako.”

“Mimi mama mdogo sina. Yule ni mke wa baba yangu.”

“Haya. Mke wa baba yako anasema uende ukatengeneze ndani ya boti.”

“Na yule mwanawe?”

Mwanawe ndiye aliyeitwa Kapteni. Hakuwahi kuongoza chombo chochote. Alikuwa mtu wa nyavu maisha yake yote. Lakini alivaa kofia ya unahodha hata akienda kunyoa, basi watu wakamwachia cheo kilichokuja na kofia.

“Kapteni hataki hata kukusikia,” alisema mke wake. “Mama yake ndiye aliyeng'ang'ania. Anasema ni wewe, au boti ikatwe.”

Kinyongo alifura. Alizunguka karakana yake nzima akihamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa, akampigia kelele paka wa jirani, akarudi ndani na kusema atakwenda. Mke wake aliweka kikapu chini.

Kazi ile aliikubali kwa sababu moja, na hakuificha. Maisha yake yote alisadiki kwamba baba yake alimchagua yule mtoto mwingine akamtupa yeye. Alisadiki tu, hakuwa na ushahidi. Mle ndani ya boti, kwenye mbao alizozipiga randa mzee kwa mkono wake, alikuwa na hakika ushahidi upo.

“Nataka nikaone kwa macho yangu,” alimwambia mke wake. “Nikishaona, basi.”

“Na usipoona?”

“Nitaona.”

Asubuhi ya kwanza alimkuta Kapteni amekaa chini ya ngazi ya boti, kofia kichwani, mikono kifuani. Hawakusalimiana. Watu wawili wenye baba mmoja na pua moja, walitazamana kama walioshikana ugoni.

“Viatu,” alisema Kapteni.

“Vimefanya nini?”

“Vua. Deki imesuguliwa.”

“Deki imeoza. Ningekuwa wewe ningevaa viatu juu ya viatu.”

“Nilimwambia mama, kuna mafundi wengine. Mafundi wa vyombo. Siyo watu wa kabati za sahani.”

“Waite basi.”

Kapteni alisogeza miguu yake kando ya ngazi. Wengine hawakuwapo, na wote wawili walilijua hilo. Mafundi wa vyombo waliobaki walikuwa wa boti za plastiki, watu wa ndoo na brashi, wasiojua patasi inaanzia wapi. Kinyongo alipanda ngazi na viatu vyake, akageuka juu.

“Na nikifanya kazi sitaki kunusa mtu huku ndani. Ukiwa na hamu ya kukwangua rangi, kwangua nje.”

Ndani kulinuka dizeli ya zamani, chumvi, na kitu kilichokufa ambacho hakikutaka kujulikana. Mwanga uliingia kwa shida kupitia vidirisha vya duara. Bitana ya mbao ilikuwa imeanguka sehemu nyingi na mataruma, zile mbavu za boti, yalitokeza meusi kama yaliyounguzwa. Alitoa pima maji yake, akaiweka juu ya meza ya mabaharia, na povu likakimbilia pembeni likakaa huko. Boti yenyewe ilikuwa imelala upande juu ya magadi. Kila kitu mle kilikuwa sawa kwa boti na kombo kwa dunia. Alitafuta kona moja ya mraba asiipate. Aliitupa pima maji ndani ya sanduku na kulifunga kwa kishindo.

Mzee alikuwa na desturi yake ambayo mafundi wenziwe waliicheka. Hakutengeneza vitanda vya kufanana. Kila baharia alilazwa chali sakafuni kwenye karakana, mzee akamzungushia chaki, akaongeza shubiri moja ya kujinyoosha, na kitanda kikakatwa kwa mwili huo na si mwingine, ili boti ikiyumba mtu asibingirike. Kisha alipigilia shikio la mbao ukutani, pale mkono wa mwenye kitanda ulipozoea kwenda akishtuka usingizini. Kinyongo aliijua desturi hiyo vizuri, maana alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyeshika kopo la chaki, kabla mambo hayajaharibika.

Alivipitia vitanda kimoja kimoja, na baadhi aliwatambua wenyewe bila kuambiwa. Hiki kipana cha mpishi, aliyekuwa akionja kuliko kupika. Kile kirefu kama jeneza la twiga, cha mtu wa injini. Kila kimoja alikilalia kujaribu viungo vyake, na kila alipopeleka mkono kushika, alijigonga kiwiko. Yeye alikuwa mashoto. Mkono wa kushoto ndio ulioshika msumeno, kijiko na kinyongo, na mashikio yote yalikuwa upande wa kulia. Baada ya kugongwa mara kadhaa alimtukana marehemu kwa sauti, na nje Kapteni aliacha kukwangua ili asikie vizuri.

Mbele kabisa, boti inapobana kuelekea omo, palikuwa na kitanda cha mzee mwenyewe. Alikijua kwa ubao wa kichwani, uliolika mahali pamoja kwa miaka ya kichwa kimoja. Na hapo hapo, vichwa vikielekeana, mtu na mtu wangeweza kunong'onezana bila kuinuka, palikuwa na kitanda kingine. Kilikuwa kifupi. Kilikuwa cha mtoto.

Kinyongo alisimama akihema. Basi ndiyo hii. Hapa ndipo alipolazwa yule mwana wa mke mdogo, kichwa kwa kichwa na baba, wakati yeye alikuwa akilala jikoni kwa mjomba na magunia ya mkaa. Alijiingiza kichwa na mabega, miguu ikabaki nje, akainua mkono, na shikio likamjia kiganjani bila kulitafuta. Hakujigonga popote. Hilo hakuliwazia. Alichokiona ni jinsi shikio lilivyosuguliwa laini, lisije likamchoma kijiti mtoto mpendwa.

Alichukua shoka. Mbao zilikuwa nyeusi sawa na nyingine zote, misumari ya shaba ile ile, viungo vile vile, na hazikutaka kutoka. Alizipiga mpaka zikatoka. Alilipiga na lile shikio, vipande viwili, vitatu. Akavikusanya pamoja na mbao zilizooza, akavifunga kamba na kupita navyo mbele ya Kapteni bila kusema kitu, na jioni ile mke wake alimchemshia navyo maji ya kuoga.

“Kuni nzuri hizi,” alisema mke wake. “Zinawaka bila moshi.”

“Nimeona,” alisema Kinyongo.

“Umeona nini?”

“Nilichokwenda kukiona.”

Alioga, akala, akalala. Alingoja ule utulivu aliojiahidi, na haukuja. Alijiambia utakuja kazi ikiisha.

Kazi ilimchukua wiki kadhaa, na zilikuwa wiki za vita. Kapteni alikwangua rangi nje, na kwa kuwa alijua Kinyongo amekaa upande gani, alikwangua upande huo huo, akigonga pasipo na haja ya kugonga. Kinyongo alijibu kwa nyundo kutoka ndani. Watu wa yadi walianza kuwatania kwamba ile boti ina ugonjwa wa moyo. Mchana, kila mmoja alikula peke yake: mmoja kichwani pa ngazi, mwingine chini, wakitemeana maneno kwa kupitia hewa.

“Kuna mtu anapaka vanishi mapema,” Kapteni aliliambia bakuli lake. “Unyevu bado umo. Itavimba.”

“Kuna mtu mama yake alimzaa na mdomo kwanza, mwili ukafuata,” Kinyongo aliliambia la kwake.

Na bado, ikamtokea jambo ambalo lilimuudhi kuliko kelele za Kapteni: aliipenda kazi ile. Hakuwahi kukata ubao ufuate tumbo la boti, na mwanzoni alipoteza mbao nzuri akilazimisha mstari ulionyooka mahali ambapo mstari ulionyooka ulikuwa uongo. Ikabidi ajifunze upya, mtu wa umri wake, kwa kutazama alivyofanya mzee. Alikata kiolezo cha karatasi ngumu, akakipima ukutani, akakipunguza, akakipima tena. Alifungua viungo vya baba yake na kukuta vimekaa kama vidole vilivyofumbatana. Siku nyingine aligundua ameanza kuimba, akanyamaza kwa hasira. Alikuwa na furaha ndani ya boti ya adui yake, na alijichukia kwa hilo.

Vitanda vyote alivirudisha kila kimoja kwa kipimo chake. Meza ilirudi, rafu za vikombe zenye kingo za kuzuia zisianguke zikarudi, ngazi ya ndani ikarudi. Pale palipokuwa na kitanda kifupi alijenga kabati. Lilikuwa kabati zuri, na alilijenga kwa chuki ya hali ya juu, akalipiga msasa mpaka ukipitisha shavu hulihisi.

Wazee wa chama walikuwa waje kukagua wiki iliyofuata. Kapteni aliamua kukagua kabla yao. Alishuka ndani kwa mara ya kwanza, amevua kofia kwa sababu ya dari, na bila kofia alionekana mdogo na mwenye upara. Alipita akigusa huku na huku. Hakutaka kusifu, na hakupata pa kukosoa. Alikuwa ameshaanza kukasirika kwa sababu hiyo alipofika mbele, akasimama.

“Kiko wapi?”

“Nini?”

“Kile kifupi.”

“Aa, chako?” Kinyongo alifuta patasi taratibu kwenye paja la suruali. Dakika hii ndiyo aliyoingojea wiki zote hizo, na maisha yote kabla yake. “Kimechemsha maji. Nimekiogea.”

Alitegemea ngumi, na alikuwa tayari kwa ngumi. Kapteni alimtazama tu, mdomo wazi, kisha akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayekohoa kitu kilichomkaa siku nyingi.

“Changu?” alisema. “Unajua mimi nimelala wapi humu ndani, misimu yote ya utoto wangu? Juu ya kamba. Pale, chini ya ngazi, juu ya kamba za nyavu, naamka mgongo una mistari kama mkeka. Na kitanda kitupu kipo. Usiku mmoja nilijiingiza, baridi imenizidi. Mzee alinitoa kwa sikio. Baba yangu hakuwahi kunipiga maishani mwake ila siku hiyo.”

“Uongo.”

“Nilikuwa nakichukia kitanda kile kuliko ninavyokuchukia wewe. Nimeota nakichoma moto. Halafu wewe ndiye umekichoma!” Alicheka tena, akashika ukuta. “Wewe!”

“Kilikuwa cha nani?”

Kapteni alivaa kofia yake, ikagonga dari, akaivua tena.

“Nenda kamuulize mama. Mimi sikufanyii hisani hiyo.”

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa nyuma ya maghala ya barafu, mlango wa bati na uani kuna kamba ya nguo. Ni uani pale pale alipoingizwa bibi harusi. Kinyongo hakuwahi kurudi pale tangu siku ile alipotoka mbio. Alimkuta mama mdogo amekaa juu ya kigoda akifuma wavu wa mtu, sindano ya mbao ikienda na kurudi, na hakuinua macho.

“Umekivunja,” alisema. “Mwanangu ameshanipigia simu.”

“Kilikuwa cha nani?”

“Fundi mzima waniuliza mimi? Mbao zake zilikuwa mpya kuliko zile nyingine?”

“La.”

“Misumari?”

“Ile ile.”

“Kwa hiyo vilitengenezwa pamoja. Na boti ilimalizika lini?”

“Mwaka ulioingia wewe.”

“Mwanangu alikuwa wapi mwaka huo?”

Kinyongo alihesabu miaka. Kapteni alizaliwa miaka miwili baadaye, jambo ambalo alilijua siku zote kama anavyojua njia ya kwao, na hakuwahi kuliweka karibu na jambo lingine lolote.

“Shikio lake lilikuwa upande gani?” aliuliza mama mdogo.

Mkono wake ulimjibu kabla ya mdomo. Uliinuka wenyewe, kiganja kimefumba hewani, na ulikuwa mkono wa kushoto. Aliutazama. Mle botini kulikuwa na shikio moja tu ambalo halikumgonga kiwiko, naye alilipasua vipande vitatu kwa shoka.

Alikaa chini, pale pale sakafuni. Mama mdogo hakumpa kigoda.

“Alikuja kukuchukua,” alisema, sindano ikiendelea. “Mara ya kwanza mjomba wako akamwambia unaumwa. Mara ya pili ukamtwanga jiwe. Alirudi hapa nikamkanda bega kwa maji ya moto. Nikamwambia, huyo mtoto ana laana. Akasema, ‘Bado ana hasira tu. Msimu ujao atakuja.’ Msimu ujao ukafika, akasema msimu ujao. Wewe umeota ndevu, umeoa, una karakana yako, anasema msimu ujao. Na mwanangu analala juu ya kamba.”

“Mbona hakuna aliyeniambia?”

“Nikuambie saa ngapi? Nikikutana nawe njiani unavuka upande wa pili. Toka nimeingia nyumba hii, umeshawahi kuniamkia?” Sindano ilisimama. “Na mimi nina roho, siyo jiwe. Ulinipiga mbele ya wakwe siku ya harusi yangu. Nikasema mwacheni. Basi juzi waliposema boti itakatwa, nikaona, acha aitwe. Fundi akikiona atakijua, sitahitaji kumwambia mimi. Kumbe macho yako ni ya mapambo.”

Kinyongo alitaka kuwa na hasira. Aliitafuta pale ilipokaa siku zote, na haikuwapo. Palikuwa na mzee mmoja tu amesimama getini, anashika bega, anageuka kwenda zake. Machozi yalimtoka, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo, yalimtoka vibaya, na kamasi. Mama mdogo aliyaangalia bila huruma mpaka yakapungua.

“Umemaliza? Kirudishe.”

“Nilikichoma chote.”

“Mbao zimejaa yadini.”

“Sina kipimo. Sikuwahi kukipima, nilikipiga tu.” Alijifuta kwa kiwiko. “Na mzee mwenyewe alikipimaje? Mimi sikulazwa sakafuni. Nilikuwa nimeshakimbia.”

Mama mdogo aliweka wavu chini. Aliinuka kwa kujishika kiunoni, akajinyoosha, akavua ndala akasimama miguu mitupu kwenye saruji. Kisha akaweka ubavu wa kiganja chake kifuani, chini kidogo ya koo.

“Hapa,” alisema. “Utosi wako ulinipata hapa. Nilikaa na alama mpaka ikageuka kijani. Usiku ule ule alinisimamisha, bibi harusi mzima, akapima toka sakafuni mpaka kwenye alama, akaongeza shubiri ya kujinyoosha. Mimi nalia kwa maumivu, yeye anapima. Lete futi yako.”

Alikuwa nayo mfukoni, hakuwahi kutoka bila hiyo. Alipiga magoti mbele ya mwanamke aliyekuwa akimvukia barabara maisha yake yote, akabana ncha ya futi sakafuni kando ya kisigino chake, akaivuta juu kwa mkono wa kushoto. Futi ikacheza. Mama mdogo aliishika ile ncha ya juu akaibana kwa kidole gumba, ikatulia.

“Shikamoo,” alisema Kinyongo. Alilisema kwa sauti ndogo, uso umeelekea sakafuni.

Mama mdogo hakuitika. Alikuwa akitazama kamba ya nguo, shingo imenyooka, kidole kimebana futi pale kwenye mfupa wa kifua.

“Ongeza vidole viwili,” alisema mwishowe. “Nimesinyaa tangu siku ile.”

Kinyongo aliongeza vidole viwili, kisha shubiri, akachukua penseli nyuma ya sikio na kuandika.